Wigo wa Tiba: Neno kwa Mgonjwa Ambaye Dawa Yake Haina Mwisho

Katika zahanati zetu hakuna neno la dawa linalosikika kuliko "dozi", na karibu kila mara linafuatana na kitenzi kimoja: kumaliza. Maliza dozi. Mtu mzima mwenye malaria hupewa dawa ya mseto, vidonge 24 kwa siku 3, na akishameza cha mwisho kazi imekwisha. Mgonjwa wa kifua kikuu huhesabu miezi 6. Mafunzo hayo yameokoa watu wengi na sina ugomvi nayo. Lakini yamelifanya neno dozi lije na mwisho wake ndani yake, na wapo wagonjwa ambao mwisho huo unaweza kuwaua.

Miongoni mwao ni wale ambao mapigo ya moyo wao yamepoteza mpangilio. Moyo una vyumba vinne. Katika aina ya maradhi haya inayoonekana sana kliniki, vyumba viwili vya juu huacha kusukuma damu kwa pamoja, vikabaki vinatetemeka tu. Nitauita ugonjwa huo mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo. Wagonjwa wenyewe husema moyo unakwenda mbio, unaruka, unadunda ovyo. Wengine hawasikii chochote. Hatari kubwa haiko katika kule kudunda. Damu iliyotuama kwenye vyumba hivyo huweza kuganda, bonge likachomoka, likapanda ubongoni, na mtu akapata kiharusi. Mpapatiko huu huongeza uwezekano wa kiharusi takriban mara 5. Ndiyo sababu wengi hutoka kliniki na dawa za aina mbili, moja ya kupunguza kasi ya moyo na nyingine ya kuzuia damu isigande. Zote ni za kila siku, na kwa wengi ni za maisha yote. Aliyezoea kumaliza dozi, siku kopo linapokwisha na mwili una nguvu, huona amepona.

Dawa hizi zinahitaji istilahi nyingine ya kufikiria kwayo. Wafamasia wanayo: ni ule upana wa kiasi cha dawa mwilini, au cha matokeo ya dawa hiyo, ambamo mgonjwa anatibiwa bila kudhurika. Chini ya hapo dawa ipo lakini haifanyi kazi; juu ya hapo inaanza kudhuru. Ukiifasiri istilahi ya Kiingereza neno kwa neno utapata "dirisha la tiba", na msikilizaji atabaki akijiuliza dirisha limeingiaje. "Kiwango cha tiba" kinaeleweka upesi zaidi, ila kina kasoro nzito: kiwango ni kitu cha kufikia, na aliyekifikia haonywi kwamba anaweza kukipita. Mimi nachagua wigo wa tiba. Wigo ni ule ua wa miti au fito unaozungushiwa boma. Una ndani na una nje, na nje hiyo iko pande zote. Mgonjwa akiambiwa abaki ndani ya wigo, anaelewa mara moja kwamba anaweza kutokea upande huu au ule.

Dawa inayohitaji neno hili kuliko zote ni warfarini. Ilitokana na uchunguzi wa ng'ombe waliokuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani ya malisho yaliyooza. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walitambua kemikali iliyosababisha hayo, wakaendelea kutafuta nyingine za jamii hiyo. Warfarini iliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya. Mwaka 1955 Rais Eisenhower wa Marekani alitibiwa kwayo baada ya mshtuko wa moyo. Kitu kilekile kinaua panya na kinamkinga binadamu na kiharusi; tofauti ni kiasi tu.

Huku kwetu huitwa dawa ya kuyeyusha damu, au ya kuifanya damu iwe nyepesi. Majina hayo yanapotosha. Warfarini haichanganyi damu na maji, wala haiyeyushi bonge lililokwisha kuganda. Inaenda kwenye ini, mahali zinapotengenezwa protini za kugandisha damu kwa msaada wa vitamini K, na kuizuia vitamini hiyo kufanya kazi yake. Kwa hiyo ningependa tuseme dawa ya kuzuia damu kuganda, ingawa ni ndefu. Anayeamini damu yake imefanywa nyepesi atatafuta cha kuirudishia uzito pindi tu akijisikia mchovu.

Sasa wigo wenyewe unapimwaje? Maabara huchukua damu, hutazama inachukua muda gani kuganda, kisha hulinganisha muda huo na wa mtu asiyetumia dawa. Jibu ni namba inayoitwa INR, ambayo kwa Kiswahili naiita uwiano sanifu wa kimataifa. Usanifu huo ulihitajika kwa sababu zamani kila maabara ilitumia kitendanishi chake, na namba ya hospitali moja haikuwa na maana katika hospitali nyingine. Shirika la Afya Duniani lilisimamia kipimo cha pamoja mapema katika miaka ya 1980. Asiyetumia dawa huwa na namba inayokaribia 1. Mwenye mpapatiko kwa kawaida hutakiwa awe kati ya 2 na 3. Mwenye vali bandia ya chuma upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, mara nyingi hupangiwa 2.5 hadi 3.5. Kila mtu na wigo wake, na jirani yako anayemeza kidonge cha rangi ileile si wa kulinganisha naye.

Fikiria muuguzi akisema: "Mama, leo namba yako ni 1.6. Bado uko nje ya wigo, upande wa chini. Damu inaweza kuganda." Au: "Mzee wangu, umefika 5.2, umetokea upande wa juu. Leo usimeze mpaka daktari akuone." Maneno hayo hayahitaji maelezo ya ziada. Ukimwambia mgonjwa kwamba "kipimo kimepanda", hajui kama ni kipimo cha dawa au cha maabara, kwa kuwa kwetu neno kipimo linabeba vyote viwili.

Mambo yanayomtoa mtu ndani ya wigo ni ya maisha ya kila siku, na hapo ndipo penye kazi. Mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki vina vitamini K kwa wingi. Mgonjwa akivila ghafla kwa wingi kuliko alivyozoea, namba hushuka. Akiviacha kabisa kwa kuogopa, hupanda. Hakuna haja ya kuacha mboga. Ale kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, na dawa ipangwe kufuata mlo wake. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha namba sana, na siku inapoachwa namba hupanda tena. Metronidazoli, ambayo wengi tunaiita Flagyl, huipandisha, vivyo hivyo Septrin. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza kutokwa na damu hata namba ikiwa nzuri, nazo ndizo dawa ambazo mtu mwenye maumivu ya mgongo huzichukua duka la dawa bila kuulizwa swali. Muuzaji aambiwe kabla ya kufungua droo: natumia warfarini. Dawa za mitishamba nazo zitajwe kliniki bila aibu, na daktari azipokee bila kukaripia, la sivyo hatatajiwa tena.

Siku ukisahau kumeza na ukakumbuka siku hiyohiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, acha iliyopita, meza ya leo tu, na uandike. Kumeza mbili ili kufidia ni hatari, kwa sababu athari ya warfarini huchelewa siku 2 au 3 kujitokeza kikamilifu. Fizi zinazovuja, mkojo mwekundu, choo cheusi tii kinachonata, damu ya pua isiyokoma, au kichwa kuuma sana baada ya kuanguka: hayo ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Wapo watakaouliza kwa nini tusihamie dawa mpya, kama rivaroksabani, ambazo hazihitaji kupima INR. Kwa wagonjwa wengi duniani ni chaguo zuri. Lakini hapa Afrika Mashariki wagonjwa wengi, tena vijana, vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, maradhi yanayoanza na maumivu ya koo yasiyotibiwa utotoni. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa INVICTUS, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa aina hiyo wenye mpapatiko katika nchi 24. Waliotumia dawa za kundi la warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani. Basi warfarini itaendelea kuwa nasi, na wigo wake pia. Msichana anayeitumia anastahili kuelezwa mapema, kabla hajashika mimba, kwamba dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo, na kwamba kuiacha peke yake kunaweza kumuua yeye. Mazungumzo hayo yasingoje kliniki ya wajawazito.

Kuna dawa ambazo wigo wake ni mwembamba mno, nazo naziita dawa za wigo finyu. Digoksini, ya kupunguza kasi ya moyo, ni mojawapo. Asili yake ni mmea wa Ulaya, Digitalis, ambao daktari William Withering wa Birmingham aliuandikia kitabu mwaka 1785, akitaja humo kwamba aliyezidishiwa hutapika na kuona vitu vikiwa na rangi ya manjano au kijani. Wigo wake katika damu ni takriban nanogramu 0.5 hadi 2 kwa mililita, na madaktari wengi siku hizi hupendelea upande wa chini. Hutolewa mwilini na figo, kwa hiyo figo zikidhoofu kidonge kilekile cha miaka yote hugeuka kuwa kingi. Dawa za kukojoza kama furosemidi hupunguza potasiamu na kuongeza hatari. Tatizo ni kwamba dalili zake za mwanzo, kukosa hamu ya kula na kichefuchefu, kwetu hupewa jina la malaria kabla hata ya kupima. Mzee anayetumia digoksini akianza kutapika, dawa hiyo ishukiwe tangu mwanzo.

Bahasha ya dawa yenye maandishi "1×1" haimtoshi mgonjwa wa namna hii, maana vidonge vya warfarini vina miligramu tofauti na vya digoksini vina mikrogramu tofauti. Aombe kadi iandikwe jina la dawa, miligramu, wigo wake, namba ya mwisho na tarehe ya kupima tena. Aiweke pamoja na kadi ya bima, na walau mtu mmoja nyumbani ajue ilipo, kwa sababu siku atakapoletwa hospitali akiwa hawezi kusema, daktari wa zamu atahitaji kujua hayo kwanza.