Banda Lisilo na Kuta: Ukaguzi wa Wanyama wa Utafiti Mkoani Mara

Kituo cha wanyama wa utafiti kikipata taarifa ya kukaguliwa, jambo la kwanza huwa ni jengo: vizimba vinasuguliwa, kuta zinapigwa chokaa, wahudumu wanagawiwa makoti mapya. Mkoani Mara matayarisho ya namna hiyo yanaacha nje sehemu kubwa ya kazi yenyewe, kwa kuwa utafiti wa wanyama unaojulikana sana kutoka huku umefanyika vijijini, kwa mbwa wenye wenyewe. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti wakageukia mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Tangu hapo mbwa hao wamehesabiwa, wametolewa damu na kuchanjwa, hasa dhidi ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo anayejiandaa kwa ukaguzi aanze na njia anayopita mnyama, tangu anapokamatwa mpaka anapoachiwa, na mikono inayomshika. Jengo, kama lipo, ni kipande kimoja tu cha njia hiyo.

Chanjo ni mfano mzuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa kwa mbwa wa Tanzania, ulionyesha kuwa chanjo moja ya kichaa cha mbwa iliyotunzwa kwa nyuzi joto 25 kwa miezi sita, au nyuzi 30 kwa miezi mitatu, bado iliamsha kinga isiyopungua ile ya chanjo iliyokaa kwenye jokofu. Ndipo Mara pakafanyiwa jaribio la kuweka chanjo vijijini kwenye vyombo vya udongo vinavyopoa bila umeme. Matokeo ya utafiti ule yalifungua mlango, lakini yaliweka na mpaka wa joto na muda. Mkaguzi makini ataomba daftari la joto kabla ya kuomba kitu kingine: nani alisoma kipimajoto, saa ngapi, na alifanya nini siku joto lilipopanda kupita kiwango. Kurasa zikiwa tupu, hakuna ajuaye kama mbwa yule aliyekabwa kwa kamba ya manila, akafungwa mdomo kwa kitambaa na kuchomwa sindano, alipata kinga yoyote. Kajazwa hofu na maumivu bila faida inayoweza kuthibitishwa. Kumbukumbu, ambazo wengi huziona kama kero ya ofisini, hapo zinakuwa sehemu ya ustawi wa mnyama.

Kipimo hicho cha kumbukumbu kinafaa hata palipo na kuta. Wanasayansi Russell na Burch, mwaka 1959, walidai nafasi ya mnyama ichukuliwe na njia nyingine inapowezekana, idadi ipunguzwe, na taratibu zilainishwe ili maumivu yapungue. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwenye rangi ya ukuta. Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, na chuo chochote cha kilimo kitakachofuga wanyama wa kufundishia na kutafitia kitakutana na swali dogo lenye kuumbua: nani aliwalisha Jumapili iliyopita? Jibu lipatikane kwenye kadi ya kizimba, na saini iwe ya mtu anayejulikana. Wanyama hawana wikiendi.

Itapingwa kwamba mbwa wa kijijini ni wa mwenyewe, na mtafiti hawezi kuulizwa kwa nini mbwa huyo analala nje au anakula makombo. Ni kweli, wala simdai hayo. Namdai kipindi ambacho mnyama yuko mikononi mwake, pamoja na madhara yatokanayo na alichomfanyia: mwenye mbwa ameridhia, ameelezwa dalili za kuangalia, na ana namba ya simu inayopokelewa. Pingamizi la pili ni zito zaidi: daftari hughushika. Mtu anaweza kujaza mwezi mzima kwa jioni moja, kalamu ile ile, mwandiko ule ule. Lakini chokaa nayo hupakwa kwa jioni moja, na daftari lina udhaifu unaomsaidia mkaguzi: linaweza kulinganishwa na orodha ya dozi zilizotoka, idadi ya sindano zilizotumika na maelezo ya wenye mbwa. Ukaguzi wa kushtukiza ungesaidia pia, ingawa peke yake hautoshi. Anayefika ghafla bila kujua cha kuuliza ataishia kusifia usafi.

Kwa upande wa usalama sioni pa kubishania sana. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 husomwa na ofisi tofauti, ilhali kwenye kituo cha kuchanjia zinakutana kwenye mkono mmoja. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Mhudumu ambaye hajapata chanjo ya kinga kabla ya kuumwa atamshika mbwa kwa woga, na woga huo humfanya akabe zaidi au aachie vibaya. Wanaumia wote wawili. Mradi wenye fedha za chokaa au za chanjo ya wahudumu, na si za vyote, uanze na wahudumu, kisha ununue boksi la kutupia sindano. Mkaguzi akikuta ukuta umebanduka, aandike hivyo.