Königsberg: Jicho Lililojificha Mikokoni

Manowari Königsberg ya Ujerumani, iliyoanza kazi mwaka 1907, iliundwa iwe jicho la wenzake: itangulie, ichungulie, irudi na habari. Juni 1914 ilitia nanga Dar es Salaam. Vita vilipozuka, alfajiri ya 20 Septemba iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, kisha ikajificha katika mikoko ya Rufiji. Huko mpelelezi akapelelezwa: warukao angani waliwaelekeza wapiga mizinga wa Kiingereza, na tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikaburutwa bara kwa nguvu za Waafrika. Jina la meli lingali midomoni. Majina ya walioiburuta mizinga ni nadra kutajwa. Msomaji, utenzi wa vita vile na uanzie mabegani mwao.