Kuunganisha faili za msaada na programu ya kompyuta

Katibu wa parokia moja ya Bunyakiri alikuwa akiandika majina ya familia zilizofika zikikimbia vita. Kwenye dirisha moja alikwama: mtoto asiye na mzazi aandikwe chini ya nani? Akabonyeza kitufe cha F1, dirisha jeupe likafunguka, tupu kabisa. Rezo haikuwapo, na kumfuata aliyeitunga programu ni safari ya Bukavu kwa barabara ya Hombo. Watoto wale wakabaki nje ya orodha hadi juma lililofuata. Makala hii ni kwa vijana wetu wanaotunga programu, na kwa makatibu wanaozitumia.

Faili ya msaada ni nini?
Ni maelezo ya programu yanayokaa ndani ya kompyuta yenyewe, hivyo hayahitaji intaneti. Zamani Windows ilitumia faili za .hlp. Mwaka 1997 Microsoft ilileta aina ya .chm, ambayo hukusanya kurasa nyingi katika faili moja. Tangu Windows Vista, kisomaji cha .hlp hakiji tena na mfumo. Usianze kazi mpya kwa aina hiyo. Njia nyingine ni folda ya kurasa za HTML zinazofunguliwa na kivinjari chochote, hata kwenye Linux.

Namna ya kuunganisha
1. Andika ukurasa mmoja kwa kila dirisha la programu: ubatizo, ndoa, sadaka, familia.
2. Kwa .chm, kipe kila ukurasa namba yake. Katika mradi wa msaada, sehemu ya MAP hufunganisha jina na namba, na sehemu ya ALIAS hufunganisha jina lilelile na ukurasa.
3. Ndani ya programu, F1 ikibonyezwa, ita HtmlHelp kwa amri ya HH_HELP_CONTEXT pamoja na namba ya dirisha lililo wazi. Namba zisipolingana pande zote mbili, mtu wa ndoa atafunguliwa ukurasa wa sadaka.
4. Usiandike njia ya folda ya kompyuta yako. Programu itafute kwanza mahali ilipo yenyewe, kisha ifungue faili iliyo kando yake.
5. Ukitumia HTML, kila mada iwe na ukurasa wake. Alama ya # inayoelekeza katikati ya ukurasa mara nyingi hupotea programu inapoita kivinjari.
6. Weka pia kitufe cha «Msaada» kinachoonekana. Wengi hawajui F1.

Ukurasa ukiwa mweupe
Faili ya .chm iliyopakuliwa kutoka intaneti hubeba alama ya tahadhari, na Windows huzuia kurasa zake: orodha ya mada huonekana, lakini maandishi hayaonekani. Bonyeza faili kwa kitufe cha kuume cha panya, chagua «Propriétés», kisha «Débloquer». Fanya hivyo tu ikiwa unajua faili imetoka kwa nani. Tena, .chm iliyo kwenye folda ya mtandao wa ofisi huzuiwa vilevile. Inakili kwanza ndani ya kompyuta. Mtungaji anaweza kuepusha shida hii kwa kutoa kisakinishi kinachoweka programu na msaada pamoja, badala ya kutuma faili moja moja.

Lugha
Tengeneza folda mbili, fr na sw. Ukurasa wa Kiswahili ukikosekana, programu ifungue wa Kifaransa, isionyeshe kosa. Andika kwa maneno ambayo katibu anayatumia kila siku: «washirika», si «watumiaji waliosajiliwa».

Jaribio kabla ya kugawa
Peleka programu kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona, ukate intaneti, ufungue kila dirisha na kubonyeza F1. Kisha mwite mtu asiyejua programu, umpe kazi moja, nawe unyamaze. Pale atakapogeuka kukuuliza, ndipo ukurasa unapokosekana.

Kwa katibu wetu namba zilikuwa sawa. Faili tu ndiyo iliyozuiwa, na dakika moja ilitosha kuifungua. Lakini juma zima lilikuwa limekwisha kupita, na kuna familia iliyokwisha kuondoka bila jina lake kuandikwa.