Njia za Nshara: Historia Fupi ya Hifadhi ya Ziwa Mburo, na Neno kwa Waendesha Baiskeli

Njia nyembamba zinazokatiza vilima vya mashariki ya Mbarara, ambazo siku hizi mgeni huzipita juu ya baiskeli ya mlimani, kofia ngumu kichwani na askari wa wanyama mwenye bunduki akimtangulia, hazikuchorwa na mhandisi wala kuchongwa na greda. Baadhi zilikanyagwa na ng'ombe wenye pembe ndefu wa wafugaji Bahima, wakienda kunywa maji na kurudi, kizazi baada ya kizazi. Baadhi ni za viboko, ambao kila usiku hutoka ziwani kwenda malishoni na hawapendi kubadili mapito yao. Na baadhi ni za watu, ambao athari ya nyayo zao haikufutika hata baada ya wenyewe kuondoshwa. Kwa hiyo mtu atakaye kuandika tarikh ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, ambayo tangu itangazwe mwaka 1983 imekwisha kutimiza miaka arobaini na ushei, hana budi kuanza na njia, na kuuliza swali ambalo wakuu wa hifadhi walichelewa kuliuliza: njia hii ni ya nani?

Wazee wa Ankole husimulia kwamba bondeni pale walikaa ndugu wawili, Mburo na Kigarama. Kigarama aliota ndoto ya gharika, akamsihi nduguye wahamie vilimani. Mburo akaidharau ndoto, akabaki, na maji yakamfunika yeye na maskani yake. Ziwa likaitwa kwa jina la aliyezama, na vilima kwa jina la aliyepona. Wasimulizi wengi huishia hapo, wakiichukua hadithi kuwa onyo kwa wabishi; mimi huliona ndani yake jambo jingine, nalo ni kuwa hata katika ngano ardhi ile haikupata kutajwa pasi na watu wake.

Malisho ya Nshara, kama ardhi ile ilivyojulikana kabla ya serikali ya kikoloni kutia mkono, yalikuwa ya Mugabe, yaani mfalme wa Ankole. Sotoka ya miaka ya 1890 ilipoangamiza ng'ombe, nyasi zilikosa wa kuzila, kichaka kikainuka, na pamoja na kichaka akaja mbung'o, ambaye aliwasukuma nje wafugaji waliosalia. Mwaka 1933 nchi hiyo ikatangazwa kuwa eneo la uwindaji wenye masharti, na mwaka 1963, uhuru ukiwa bado mbichi, ikapandishwa kuwa pori la akiba; na ajabu ni kwamba katika zama zizo hizo serikali ilikuwa ikiajiri wawindaji wawapige wanyama risasi, almuradi mbung'o akose damu ya kunyonya. Mkono mmoja ulihifadhi, wa pili uliteketeza.

Ni katika nchi hiyo hiyo, yenye watu wachache na nafasi nyingi, ndipo makazi ya Nakivale yalipoanzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, yakawapokea Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda yaliyoanza 1959. Leo makazi hayo, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 185, yamo katika wilaya ya Isingiro, iliyokatwa kutoka wilaya ya Mbarara mwaka 2005, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyo makongwe kupita yote barani Afrika. Mintarafu ya hifadhi, Nakivale si jirani wa mbali. Mto Rwizi, ambao watu wa mjini Mbarara huunywa, huteremka kuyalisha maziwa ya Mburo na Nakivale pamoja, na mwaka 2006 ardhioevu ya maziwa hayo iliandikwa katika Mkataba wa Ramsar kwa jina moja, Mburo na Nakivali, kana kwamba walioandika walikwisha kung'amua kuwa maji hayana habari ya mpaka baina ya mkimbizi na swala.

Sasa tufike mwaka 1983. Serikali ya Milton Obote, katika muhula wake wa pili, iliipandisha daraja mbuga ile ikawa hifadhi ya taifa, na wakazi, waliokuwa maelfu ya familia, wakaamriwa watoke, bila fidia na bila kuonyeshwa pa kwenda. Yaliyosemwa juu ya kuwalinda wanyama huenda yalikuwa na ukweli wake, lakini wenyeji hawakuyaamini, nao walikuwa na sababu. Mwezi wa Oktoba wa mwaka uliotangulia, Wanyarwanda wengi wa Ankole, pamoja na watu waliodhaniwa tu kuwa Wanyarwanda, walifukuzwa majumbani mwao, baadhi wakavuka mpaka na baadhi wakasukumwa ndani ya makazi ya zamani ya Nakivale na Oruchinga. Na wakati huo huo vita vya msituni vya Yoweri Museveni vilikuwa vikiendelea, ilhali Bahima walishukiwa kuwa upande wake. Mtu aliyemwona jirani yake akifukuzwa mwaka jana kwa sababu ya ukoo, kisha yeye akafukuzwa mwaka huu kwa sababu ya wanyama, hakuwa na haja ya kuyatofautisha mambo hayo mawili.

Mwaka 1985, majeshi ya Museveni yalipoishika nchi ya magharibi, wakazi wakarejea. Waliwatimua watumishi wa hifadhi, wakabomoa majengo, na wakawaua wanyama kwa makusudi, wala si kwa njaa peke yake, bali kwa hesabu iliyo sahali kabisa: mnyama akiisha, hifadhi haina hoja ya kurudi. Serikali mpya ilipoichora upya mipaka mwaka 1987, kadiri ya asilimia 60 ya ardhi ilirudishwa kwa watu. Wako wahifadhi ambao hata leo huutaja mwaka 1985 kuwa mwaka wa nakama, na kwa mnyama aliyepigwa ulikuwa hivyo. Lakini insafu inataka mwaka 1983 uandikwe katika daftari lilo hilo na kwa wino ule ule.

Waliokuja baadaye walijifunza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la African Wildlife Foundation, Mburo ikawa mahali pa kwanza Uganda ambapo hifadhi iliweka maofisa wa kuzungumza na wanavijiji badala ya kuwakamata tu. Mwaka 1996 ikaundwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na sheria ikaamuru kwamba asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi ziende kwa jamii zinazopakana nayo kwa mkono wa serikali za mitaa, zijenge madarasa, zahanati na mengineyo ambayo watu wenyewe watayachagua. Fungu hilo si kubwa, na aghalabu hufika likiwa limechoka kwa kupita mikono mingi. Fauka ya hayo, sheria inataja kiingilio cha langoni tu: fedha anayotoa mgeni ili aongozwe kwa miguu, au apande mashua ziwani, au aendeshe baiskeli katika njia zile nilizozitaja mwanzo, haimo katika asilimia hiyo. Yaani kinacholipiwa njia yenyewe hakimfikii mwenye njia.

Na baiskeli imekuwa fahari ya Mburo kwa sababu ya kile ambacho hakimo. Tembo hawamo, na simba waliangamizwa na wafugaji zamani. Kwa hiyo katika eneo hili la kilomita za mraba kama 370, ambalo ni dogo kuliko hifadhi zote za savana nchini, mtu anaweza kupita juu ya magurudumu mawili baina ya punda milia na pofu, na swalapala ambao hadithi husema ndio walioipa Kampala jina lake, na twiga, ambao 15 kati yao waliletwa kutoka hifadhi ya Murchison mwaka 2015. Nyati wapo, chui wapo, na kiboko ambaye njia yake umeizuia hana mzaha. Ndiyo maana ya yule askari aliyetangulia.

Mchezo huu wenyewe una tarikh fupi, na tarikh hiyo ina fundisho lililofanana na la Mburo kuliko mtu angetazamia. Katika wilaya ya Marin, jimbo la California, vijana walizitwaa baiskeli kuukuu za matairi manene, wakateremka nazo mabarabara ya wazima moto. Na tarehe 21 Oktoba 1976 wakafanya mashindano katika mteremko walioupa jina Repack, kwa kuwa breki ya nyuma ilichemka hadi grisi ikateketea, ikabidi ijazwe upya kila mara. Miaka michache haikupita, wenye dhamana ya milima wakawafungia njia, wakisema magurudumu yanaichimba ardhi na kuwatisha waendao kwa miguu. Mwaka 1988 vyama vya California vikaungana kuunda jumuiya yao ya kimataifa, ambayo, badala ya kugombana mahakamani peke yake, ilishika majembe na kukusanya michango, ikajifunza kuwa adui wa njia ni maji kuliko gurudumu: ya kwamba njia haina budi kuuzunguka mlima na siyo kuupanda wima, mteremko wake kwa wastani usipite asilimia 10, na ukingo wa chini uinamishwe kidogo ili mvua ivuke na isigeuze njia kuwa mfereji. Aliyekwisha kutengeneza, na kutoa fungu lake, hufukuzwa kwa taabu.

Huku kwetu mfano ulio wazi ni wa Mlima Kenya, ambako kwa miaka mingi waendesha baiskeli wamekuwa wakiteremka kutoka futi 10,000 hadi futi 4,000, katika safari ambayo jina lake, 10to4, limetokana na hesabu hiyo, wakichangisha fedha kwa ajili ya Mount Kenya Trust, iliyoasisiwa mwaka 1999. Na katika kazi za taasisi hiyo imo njia ya tembo inayounganisha mlima na nyanda za kaskazini, ambayo tangu 2011 hupita chini ya barabara kuu kwa pango lililojengwa. Hata ukiwa huna mapenzi na baiskeli, si vibaya kuwaona watu wakitoa jasho ili mnyama apate pa kupita. Rwanda nako alifika Tom Ritchey, mmoja wa mafundi wa mwanzo wa baiskeli hizo kule California, akaandaa mashindano ya baiskeli za mbao mwaka 2006. Na mwaka 2012 Mnyarwanda Adrien Niyonshuti akaiwakilisha nchi yake katika baiskeli ya mlimani kwenye Olimpiki ya London.

Lakini Nakivale baiskeli, ambayo ndugu zetu wa Kongo huiita kinga, si mchezo. Ni bega la pili la mkulima. Huifunga mikungu ya matoke ya Isingiro juu ya karia, na madumu ya maji kila upande, na gunia la mahindi juu ya hayo, kisha huisukuma badala ya kuipanda, mkono mmoja usukanini na wa pili katika fimbo iliyofungwa wima. Na mvua ikinyesha, udongo mwekundu huyafunga magurudumu kama simenti. Huyu ndiye mwendesha baiskeli ya mlimani wa kweli wa nchi hii, ingawa baiskeli yake haina gia hata moja. Njia yake huitengeneza nani? Yeye na jirani zake. Mnyarwanda amekuja na umuganda wake, Mkongo akumbuka salongo, Mganda ana bulungi bwansi, nasi watu wa pwani tuna msaragambo na ujima. Na majembe hukutana pale pale penye shimo. Hata hivyo nisiwapambe kupita kiasi, kwani salongo katika zama za Mobutu ilikuwa shuruti, na wako watu wazima ambao hulisikia neno hilo kwa uchungu.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale ambao, wakitaka njia nzuri kwa mchezo wao, husema kijiji kijitolee. Masikini asiombwe kutoa bure kile ambacho tajiri atakitumia kwa starehe. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 humruhusu mkimbizi aliyeko Uganda kwenda atakako na kufanya kazi, wala hakuna kizuizi cha kumlipa ujira halali anayejua udongo ule kuliko mtaalamu yeyote.

Rai yangu, basi, ni kwenu vijana wa Mbarara, jiji tangu 2020, ambao Jumapili asubuhi mwaonekana na baiskeli zenu zing'aazo karibu na sanamu ya ng'ombe. Mkiunda chama, na mkachangisha, msianze na fulana wala kombe. Fungu la kwanza mlitenge kwa watu wa Isingiro na wa kando ya Mburo, raia na wakimbizi sawasawa, wakate mifereji na kuziinamisha kingo katika njia mtakazozipita nyinyi na wao; na mlipe papo kwa papo, mbele ya watu. Kazi hiyo ifanyike mwezi wa Februari, kwa kuwa masika huko huanza Machi.