Maua Yanayopishana Tunduma

Kwa miaka mingi magunia ya viazi vya okidi kutoka Nyanda za Juu Kusini yamepita mpaka wa Tunduma kwenda Zambia, ambako husagwa na kuchanganywa na karanga kupikwa chikanda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kuwa viazi vinavyovuka huweza kufikia milioni 4 kwa mwaka, na kila kiazi ni mmea mzima uliong'olewa. Biashara hiyo ilichangia Kitulo, iitwayo Bustani ya Mungu, kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Maua yetu yanaondoka kwa magunia, nasi uani tunapanda ya wageni. Chukua lantana. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Karne ya 17 ilifika katika bustani za Uholanzi, watunza bustani Ulaya wakaichanganya ipate rangi nyingi, na karne ya 19 ikasambazwa katika makoloni kama pambo na uzio. Ndege hula matunda yake meusi na kudondosha mbegu popote. Ng'ombe akila majani, ini huharibika na ngozi hubabuka juani.

Kisa cha Busoga, Uganda, kingewahusu sana wakulima wa kahawa wa Mbozi, jirani na Tunduma. Enzi za Idi Amin mashamba ya kahawa na pamba yalitelekezwa, lantana ikayafunika, mbung'o wakapata kivuli karibu kabisa na nyumba za watu. Malale, inayoenezwa na mbung'o hao, ikalipuka kuanzia 1976. Zambia nako, kando ya Maporomoko ya Victoria, lantana imekuwa ikifyekwa na kung'olewa mwaka hadi mwaka.

Alizeti pori, mgeni kutoka Meksiko, nasita kuihukumu. Huvamia kweli, lakini majani yake ni mbolea nzuri, na anayeyakata kabla ya mbegu kukomaa hana hasara.

Anayetaka uzio ana mtandamboo: miiba mikali, maua meupe yanayonukia, na matunda ya watoto. Minyaa nayo hushika vizuri, ila utomvu wake ni hatari kwa macho. Mwenye kutaka rangi apande mishubiri ya kwetu, ambayo huvumilia kiangazi. Okidi ziachwe porini. Mbegu zake hazioti bila kuvu maalumu wa udongoni, kwa hiyo anayechimba hawezi kurudishia kwa kupanda tu.