Nukushi: maana ya neno na matumizi yake

Nukushi, au faksi, ni njia ya kupeleka nakala ya maandishi au picha kupitia simu. Neno hilo hutumika pia kwa nakala yenyewe na kwa mashine inayoituma. Katika vichwa vya barua za ofisi nchini Tanzania huandikwa Nukushi, Faksi au Fax. Yote ni mamoja.

Asili ya fax ni maneno ya Kilatini fac simile, yaani "fanya kinachofanana". Mskoti Alexander Bain alipata hataza ya chombo cha namna hiyo nchini Uingereza mwaka 1843.

Mashine huisoma karatasi kwa mwanga na kuigeuza kuwa milio ya simu. Mashine ya upande wa pili huipokea milio hiyo na kuichapa. Karatasi yenyewe haisafiri. Anayetuma hati ya kibanja kutoka Muleba kwenda Bukoba amepeleka sura yake tu. Hati halisi, yenye saini na muhuri, imebaki Muleba, naye hana budi kuitunza.

Tarehe na saa zinazochapwa juu ya nukushi hutokana na saa ya mashine iliyotuma. Saa hiyo ikikosewa, tarehe nayo hupotosha. Vilevile, taarifa ya mashine kwamba kurasa zimefika haithibitishi kuwa mhusika amezisoma. Kwa jambo lenye siku ya mwisho, kama vile maombi ya kazi au zabuni, ni busara kumpigia simu mpokeaji.