Machinga, Myahudi na kalamu zetu

Ukitaja neno machinga pale Kariakoo, hakuna atakayefikiria kabila. Watu watafikiria kijana mwenye mashati begani anayemkimbia mgambo. Lakini Wamachinga ni watu, wana lugha yao na vijiji vyao mkoani Lindi. Jina lao likahusishwa na vijana wa kusini waliokuja Dar es Salaam kutafuta maisha, na leo hata muuza soksi wa Mwanza ambaye hajawahi kuiona Lindi naye ni machinga. Sisi wa magazeti ndio tumelisambaza, kila tunapoandika machinga kutimuliwa, machinga kuhamishwa. Jina la watu limegeuka kuwa jina la kero.

Nimeanza na machinga kwa sababu nataka kuzungumzia Myahudi. Usishangae. Ni ugonjwa ule ule.

Katika vyombo vyetu vya habari Myahudi ana nguo tatu tu. Ya kwanza ni ya maandiko: kanzu, ndevu na bakora, kama kwenye zile filamu za Pasaka. Ya pili ni ya kijeshi: Entebbe 1976, Mossad, Gaza. Ya tatu ni ya uvumi: tajiri asiyeonekana ambaye ameshika benki na serikali zote za dunia. Hii ya tatu ndiyo inayotembea sana kwenye simu zetu. Myahudi wa nne, yule anayeamka asubuhi, anapeleka mtoto shule na kugombana na mwenye nyumba kuhusu kodi, simwoni mahali popote.

Sasa twende Kilwa.

Shuleni tulifundishwa kuhusu Wareno. Cabral alifika Kilwa mwaka 1500 akitaka mkataba wa biashara, akatoka mikono mitupu. Vasco da Gama akaja 1502, akalazimisha ushuru wa dhahabu. Julai 1505 Francisco de Almeida akauteka mji, akaupora na kujenga ngome. Ambacho hatukufundishwa ni kwamba katika misafara yote mitatu alikuwemo mkalimani mmoja aliyezaliwa Myahudi.

Waandishi wa Kireno wa zamani walisema wazazi wake walitoka Poland wakahamia Alexandria, Misri. Mwaka 1498 alikuwa akimtumikia mtawala wa Goa, akazifuata merikebu za da Gama kwenye kisiwa cha Anjediva, India. Wakamshuku kuwa ni jasusi. Wakamkamata, wakamchapa mpaka akasema. Kisha wakambatiza na kumpa ubini wa bwana aliyemkamata: Gaspar da Gama.

Amerigo Vespucci, yule ambaye bara la Amerika lina jina lake, alikutana naye Cape Verde mwaka 1501, wakati Gaspar akirudi kutoka India. Aliandika kwamba ni mtu wa kuaminika, anayejua lugha nyingi, na akapeleka Ulaya habari za Bahari ya Hindi alizozipata kwake. Kwa lugha ya kazi yetu, Gaspar alikuwa chanzo cha habari.

Je, alikuwa mwema au mbaya? Kilwa ilipoporwa yeye alikuwa upande wa wenye mizinga. Hilo halifutiki. Lakini alikuwa pia mateka aliyebadilishwa dini kwa kipigo. Mfalme Manuel wa Ureno, aliyetuma merikebu zile, ndiye aliyewalazimisha Wayahudi wa nchi yake kubatizwa mwaka 1497. Hata Abraham Zacuto, Myahudi aliyetengeneza majedwali ya nyota yaliyowasaidia mabaharia wa da Gama, ilibidi aikimbie Ureno.

Sikiliza na hili. Dhahabu ya ushuru wa Kilwa ilifuliwa chombo cha ibada kilichokamilika mwaka 1506, na mpaka leo kipo kwenye makumbusho Lisbon. Aprili ya mwaka huo huo, katika jiji hilo hilo, umati uliwavamia Wayahudi waliokwisha kubatizwa na kuwaua kwa mamia, wengine wanasema maelfu. Ni ufalme mmoja na miaka ile ile. Mwenye kusimulia machozi ya Kilwa angeweza kusimulia na haya bila kutoka nje ya mada.

Miaka mia nne baadaye, Julai 1905, Maji Maji ikaanza Umatumbini, Kilwa hiyo hiyo. Gavana von Götzen aliieleza kama njama ya waganga. Pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko vikawekwa pembeni. Watu wa kusini wakaonekana duniani kama wajinga walioamini maji.

Mwaka 1907 Bernhard Dernburg, waziri wa makoloni wa Ujerumani mwenye asili ya Kiyahudi, alikuja kulikagua koloni hili. Alifuatana na Walther Rathenau, Myahudi kutoka familia ya wenye viwanda. Walikuwa wakoloni, tusiwapambe. Hata hivyo, Dernburg alirudi Berlin akalalamika kwamba wazungu wengi mno huku wanatembea na viboko. Rathenau, baada ya safari ya pili iliyomfikisha Namibia mwaka 1908, aliyaita mauaji ya Waherero ukatili mkubwa kuliko wote uliowahi kufanywa na sera ya kijeshi ya Ujerumani. Na wapinzani wa Dernburg hawakukosa silaha: walikumbushana kuwa ni Myahudi.

Wakati huo ile nguo ya tatu ilikuwa imeshashonwa. Mwaka 1903 gazeti moja la Urusi lilichapisha waraka wa kughushi uliodai kuna wazee wa Kiyahudi wanaopanga kuitawala dunia. Mwaka 1921 Philip Graves, mwandishi wa The Times la London, alionyesha kwa ushahidi kwamba waraka ule umeibwa kutoka kitabu kingine kabisa. Ndiyo, mwandishi wa habari. Lakini uongo una miguu. Juni 1922 Rathenau, wakati huo waziri wa mambo ya nje, aliuawa kwa risasi Berlin na vijana walioaminishwa kuwa ni mmoja wa wazee hao.

Kwa hiyo tunaposambaza uvumi ule kwenye simu, tunasambaza kitu ambacho kimeshaua.

Sisemi tusiandike kuhusu Gaza. Tuandike, na tuhesabu wafu wote, pamoja na vijana wawili wa Kitanzania waliouawa katika shambulio la Oktoba 7, 2023. Lakini serikali ya Israeli tuiite serikali ya Israeli, jeshi tuliite jeshi. Tusimbebeshe kila Myahudi.

Na Myahudi wa nne hayuko mbali. Nenda Mbale, Uganda, utawakuta Abayudaya, waliofuata dini hiyo tangu 1919 chini ya Semei Kakungulu. Mwaka 2004 walianzisha ushirika wa kahawa pamoja na majirani zao Waislamu na Wakristo. Kahawa, bei, mvua, madeni. Hiyo nayo ni habari. Nani ataiandika?